Shimo Tulilochimba kwa Mzee Bukuru

Jiwe la kwanza nililolifundisha darasani halikuwa jiwe. Nalisema hili mapema, walimu wangu vijana, msije mkadhani bibi huyu alizaliwa akijua.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzi tu, nimepangiwa shule ya msingi Ujiji, mji niliozaliwa, na nilitaka kila mtu ajue kwamba Mwalimu Zaituni si mwalimu wa kunakili ubaoni. Somo lilikuwa aina za miamba. Kitabu kilisema miamba ya moto hutoka kwenye volkano, kikaweka picha ya Kilimanjaro. Mtoto wa Ujiji Kilimanjaro ataijulia wapi? Asubuhi ile nikaokota njiani kipande cheusi, kizito, chenye vitundu vitundu, ndani kinang'aa kama chupa. Nikafurahi kupita kiasi. Nikakiinua mbele ya darasa la sita.

"Jiwe hili lilitoka tumboni mwa ardhi likiwa uji wa moto, kisha likapoa."

Walitulia kwa heshima. Halafu msichana mmoja, Mwajuma, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, umeliokota pale karibu na kisima?"

"Ndiyo. Umejuaje?"

"Hayo ni mavi ya chuma, Mwalimu. Baba yangu ndiye anayeyamwaga pale. Ni mhunzi."

Neno lile la mwanzo peke yake lingetosha kuvunja darasa. Lilipokuja likiwa limebeba na aibu yangu, watoto walilala juu ya madawati kwa kicheko, hadi Mwalimu Sefu akatoka darasa la jirani kuja kuona nani amefurahi hivyo saa ya jiografia.

Mwalimu Sefu alikuwa karibu kustaafu, mtu mrefu mwenye kanzu ya Ijumaa na suruali ya siku nyingine zote. Hakunigombeza. Alingoja mapumziko, akakichukua kile kipande, akakigeuzageuza.

"Mwanangu, kosa lako si kutojua jina. Jina utalisoma. Kosa lako hukuuliza limefikaje pale. Kila jiwe lililoko mahali lina namna lilivyofika. Likiwa peke yake na ndugu zake hawaonekani, kuna mtu aliyelileta au kuna maji yaliyolileta. Uliza hilo kwanza."

Ndiyo elimu yote ya miamba niliyopewa nje ya kitabu, na imenitosha hadi leo.

Ninyi sasa mna picha kwenye simu. Mnaweza kumwonyesha mtoto volkano inayotapika akiwa amekaa Kigoma. Vizuri, onyesheni. Lakini msiache kumtoa nje. Mimi niliwapakia watoto wangu gari la kubeba mchanga, kwa hisani ya dereva, tukaenda hadi karibu na Mwandiga, mahali barabara ilipokata kilima. Kilima kikikatwa ni kama mkate ukikatwa, unaona ndani. Juu udongo mwekundu, chini yake kokoto za rangi ya kutu, chini zaidi jiwe la mchanga lililooza hata ukucha unalikwangua. Watoto walikwangua hadi kucha zikawa nyekundu, na jioni mama mmoja akaja kuniuliza mwanawe amechinja nini.

Mkikosa gari, chupa inatosha. Chukueni chupa nyeupe, tieni konzi mbili za udongo wa uwanjani, jazeni maji, tikiseni sana, kisha iwekeni mezani msiiguse. Kokoto zitatangulia chini, mchanga utafuata, tope laini litashuka mwisho, taratibu, labda hadi kesho. Mtoto akiona hivyo kwa macho yake, hamtamwimbisha tena kwamba maji hupanga vitu kwa uzito wake. Kisha mwambieni amwage ndoo ya tope na mawe kwa mkupuo mmoja kwenye mteremko. Ataona mambo mengine kabisa: kikubwa na kidogo vimelala pamoja, hakuna kilichopangwa. Tofauti ya hivyo viwili ishikeni vizuri. Ndiyo iliyonipeleka kwa Mzee Bukuru.

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Wenye umri wenu mnaisikia kama habari za kambi tu, mahema na malori. Sisi wa ziwani tuliiona pia kwa namna nyingine. Boti za mbao zilileta watu kimya kimya, familia mbili, familia moja, wenye ndugu walioolewa huku au wasio na yeyote. Wengine walipelekwa kambini. Wengine vijiji viliwameza, wakalima, wakavua, wakazika na kuozesha pamoja nasi.

Nilihamishiwa shule ya kijiji kimoja kaskazini ya Mwamgongo. Jina nitaliacha, maana watu wenyewe wapo. Huko hakuna barabara, unafika kwa boti ukiwa umelowa hadi magoti. Milima inashuka moja kwa moja mpaka majini, kana kwamba mtu aliikata kwa panga, na kwa kweli ilikatwa: ndio ukingo wa bonde la ufa. Ardhi tambarare ni ile tu iliyoletwa na vijito kutoka juu, vijipande kama viganja vilivyofunguliwa kuelekea ziwani. Watu wote wanakaa juu ya viganja hivyo. Nilipanga chumba kwa Bibi Tausi, mjane wa Kiha mwenye michikichi yake pale kilimani, aliyekamua mawese na kusema na kila mtu kana kwamba anagombana naye.

Katika darasa langu la tano alikuwamo msichana wa Kirundi aitwaye Goreti. Miaka kumi na miwili hivi, mwandiko mzuri, sauti hakuna. Ukimuuliza, alijibu kwa kutazama daftari. Sikumlazimisha. Mtoto aliyenyamaza anaweza kuwa ndiye anayesikiliza kuliko wote.

Siku moja nikawatoa nje. Kazi ilikuwa nyepesi: kila kundi liokote mawe kumi ufukweni, kumi kwenye kijito, na kumi kwenye kiganja kimoja upande wa kusini ambako hapakuwa na kijito chochote, korongo kavu tu lililoshuka kutoka mlimani. Kisha tukayapanga kwenye mchanga. Ya ufukweni yalikuwa mviringo kama mayai. Ya kijitoni yalikuwa yameanza kupoteza kona. Ya kule korongoni yalikuwa na kona kali za kukata mguu, makubwa na madogo pamoja, na mengine tulishindwa kuyaokota kwa sababu yalikuwa na ukubwa wa ng'ombe aliyelala.

"Haya yalifikaje hapa?" nikauliza.

"Mto," wakasema.

"Mto uko wapi?"

Wakatazama. Kisha mmoja akasema, "Maji yalikuja yakaondoka," na nikampigia makofi, maana ndiyo hasa niliyoyataka. Nikawaeleza kwa furaha yangu yote ya ualimu: mvua kubwa ikinyesha kule juu, korongo hukusanya tope na mawe, vikateremka pamoja kwa kasi, havipati nafasi ya kupangwa wala kusagwa. Ndiyo maana kona zao bado ni kali. Hayakusafiri mbali na hayakusafiri polepole.

Tukiwa tunarudi, Goreti akanisogelea. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha bila kuulizwa.

"Mwalimu, hayo maji yatarudi?"

"Yatarudi," nikasema. "Yanarudi kila baada ya muda."

"Lini?"

"Hakuna ajuaye. Labda mwaka huu, labda sote tukiwa tumekufa."

Akanyoosha mkono. Katikati ya kile kiganja cha mawe makali, nyuma ya jiwe moja kubwa, palikuwa na nyumba ya udongo, paa la nyasi, kamba ya nguo.

"Kwetu ni pale," akasema.

Nimefundisha miaka mingi, na hakuna swali lililowahi kunihukumu kama lile ambalo hata swali halikuwa. Nilikuwa nimesimama mbele ya nyumba ya mtoto nikifurahia namna itakavyofukiwa.

Jioni ileile nikaenda. Baba yake, Mzee Bukuru, alikuwa anakandika ukuta. Mtu mfupi, mabega mapana, mikono imekauka tope hadi kwenye viwiko. Kwao alikuwa mfyatua matofali, akichimba udongo mfinyanzi bondeni na kuuchoma. Mkewe alinipa kigoda. Nami nikafanya kosa langu la pili kubwa: nikamfundisha. Nikasema mashapo, nikasema mmomonyoko, nikasema mteremko na ukingo wa bonde la ufa. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kukandika.

"Mwalimu," akasema, Kiswahili chake kikitembea taratibu, "mimi nimehama mara tatu. Mara ya kwanza nilikimbia bunduki. Mara ya pili nilikimbia njaa. Mara ya tatu nilikimbia kipindupindu. Sasa unasema nikimbie mawe yaliyolala?"

"Kuna viwanja vingine, Mzee. Tukamwone mwenyekiti."

Hapo akaacha kukandika.

"Nikimwendea mwenyekiti kuomba kiwanja, ataniuliza karatasi. Sina karatasi. Nitapandishwa boti na watoto, nitapelekwa sijui wapi. Hapa hakuna aliyeniuliza kitu. Unajua kwa nini? Kwa sababu hapa hakuna anayepataka. Mahali pasipotakiwa ndipo penye nafasi yangu."

Nikaaga, nikarudi kwa Bibi Tausi nikiwa na hasira, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, nikammwagia yeye.

"Bibi, ninyi wenyeji mnajua pale ni pabaya?"

"Tunajua. Marehemu mama alikuwa akisema pale hapalali mtu."

"Mbona hamkumwambia Bukuru?"

Alikuwa anachambua ngazi, matunda ya mchikichi. Hakuinua uso. "Hakuuliza," akasema. Lakini usiku huo sikumsikia akigombana na mtu yeyote, hata na kuku.

Vijana wangu, mkitaka kumsadikisha mtu mzima jambo la ardhi, msimpe maneno, mpeni ardhi yenyewe. Hilo lilinijia baada ya wiki nzima ya kujilaumu, na hata hivyo halikutoka kwangu, lilitoka kwa Goreti. Alikuja mezani kwangu na daftari, akasema chini chini, "Baba ataanza kuchimba shimo la choo Jumatatu. Yuko peke yake."

Kwa hiyo Jumatatu nikafika kwa Mzee Bukuru na darasa la tano zima, majembe, sululu na mabeleshi mawili ya shule.

"Shikamoo Mzee. Tumekuja kukusaidia choo. Nasi utatusaidia somo."

Alitazama ule umati, akatazama lile shimo lililofika magotini, kisha akacheka. Mtu aliyechimba peke yake kwenye mawe hakatai mikono. Akaingia ndani ya shimo na wavulana wakubwa wawili, sisi wengine tukapokea ndoo za kifusi, na kila ndoo wasichana waliimwaga kwa mstari chini, ya kwanza hadi ya mwisho, ili tuone mpangilio. Ilikuwa kazi ya siku tatu. Sitawadanganya kwamba ilikuwa yote ni elimu. Siku ya pili walimu wenzangu waliniuliza kama nimefungua kampuni ya vyoo.

Ukuta wa shimo ulianza kusema. Juu kabisa udongo mweusi wa shamba, kina cha kiganja cha mkono. Chini yake mchanganyiko wa tope na mawe makali, hadi usawa wa paja. Kisha ukanda mwembamba mweusi wenye vizizi vilivyooza. Chini yake tena mchanganyiko wa tope na mawe. Nikapiga magoti ukingoni, chaki mkononi, nikawaambia watoto kwa sauti ya mtu ajuaye:

"Mnaona matabaka? Kila tabaka ni mwaka mmoja wa mvua."

"Hapana, Mwalimu."

Ilikuwa sauti ya Mzee Bukuru, kutoka shimoni. Watoto wakanitazama mimi.

"Endelea, Mzee," nikasema.

Akapangusa mikono, akaugusa ukuta kama anavyoguswa mgonjwa paji la uso. "Mimi nimechimba ibumba miaka yote, udongo wa matofali. Ibumba la bondeni linakuja polepole, laini juu ya laini. Hilo ndilo la mwaka kwa mwaka. Lakini hili tazama. Jiwe hili kubwa, lingekuja kwenye maji ya kawaida lingezama likakaa chini. Halikuzama. Limekaa katikati ya tope kama nyama ndani ya uji. Maana yake jiwe na tope vilikuja pamoja, vikasimama pamoja." Akashusha mkono kutoka juu ya lile tabaka hadi chini yake, kana kwamba anapima. "Hili lote," akasema polepole, na sasa hakuwa akiniambia mimi, "ni la mchana mmoja."

Watoto walielewa kabla yangu. Niliona nyuso zao zikimgeukia Goreti.

Angeweza kutoka shimoni pale pale. Lakini fundi akianza kusoma kitu anataka kufika mwisho. Akachukua sululu, akaendelea. Siku ya tatu, shimo likiwa limemfika shingoni, akapiga jiwe lililolia tofauti. Akalifukua kwa mikono. Halikuwa na kona kali. Lilikuwa limechaguliwa, kubwa kama kichwa cha mtoto, upande mmoja mweusi. Karibu yake likatokea la pili. Kisha la tatu. Kati yao mkaa, na kigae cha chungu.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Yalikuwa mafiga. Yamesimama vilevile yalivyopangwa, na juu yake kifusi chote kile tulichokuwa tumekitoa ndoo kwa ndoo.

Mama Goreti alikuwa amekuja na maji ya kunywa. Akainama ukingoni, akatazama chini. Sikuwahi kumsikia mwanamke yule akisema zaidi ya salamu.

"Walikuwa wanapika," akasema. Halafu, "Sijui kama walikula."

Akaweka ndoo chini, akaingia ndani. Tukasikia mikeka inakunjwa.

Habari ilifika kijijini kabla yetu. Watu wakaja kutazama mafiga, na wa kwanza alikuwa Bibi Tausi, aliyeshuka mlimani na fimbo yake bila hata kuvua shuka la kazi lenye madoa ya mawese. Alitazama shimoni. Kisha akamtazama Mama Goreti, aliyekuwa amesimama mlangoni na mikeka kwapani, mtoto mdogo mgongoni.

"Mama," Mama Goreti akamuuliza, bila hasira yoyote, na ndiyo iliyofanya iwe ngumu, "mbona hamkutuambia?"

Bibi Tausi aliyekuwa na jibu kwa kila mtu pwani nzima ya ziwa akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Mwisho akasema, "Tulidhani ninyi ni wa kupita, mwanangu."

Akalia. Alilia kwa sauti, bila kuficha uso, kama mtoto. Kisha akajifuta na ule upande wa shuka, na sauti yake ya kawaida ikarudi.

"Hebu nipe hiyo mikeka. Mtajenga kwangu, kule juu penye michikichi, pana mwamba mgumu chini, Mwalimu alipachunguza alipohamia kwangu. Na huyo mwenyekiti akitaka karatasi aje aniulize mimi. Nimemkata kitovu."

Kweli mwenyekiti alikuja, akasimama, akaulizwa na Bibi Tausi kama mama yake hajambo, akaondoka.

Nyumba ilijengwa upya kwa mwezi mmoja. Sasa nisikilizeni vizuri, maana sehemu inayofuata ndiyo ninayoionea haya, na sijaiandika popote.

Mvua za mwaka ule zilikuja, zikanyesha kwa adabu, zikapita. Korongo halikutoa hata kikombe cha maji. Kule kwenye mwalo, wanawake wakianika dagaa, ilianza kuwa mzaha: Mwalimu Zaituni anahamisha watu kwa ndoto. Mtu mmoja akamwuliza Mzee Bukuru kama choo chake kipya kina mafiga pia. Nikawa nasikia kila kicheko kama kimetaja jina langu. Na siku moja, wingu zito limekaa mlimani, nikajikuta nimesimama mlango wa darasa nikilitazama na kuliambia moyoni: shuka. Shuka basi, waone.

Niliposikia nilichokisema nikaogopa. Nilikuwa natamani maafa ili nionekane mwalimu mzuri. Walimu vijana, mtakapokuwa mmesema kweli na hakuna aliyewaamini, mtayajua majaribu hayo. Mjihadhari nayo.

Nikaenda kwa Mzee Bukuru kumwomba radhi. Alikuwa anapanda maharage pale pale kwenye kiwanja cha zamani, kwa kuwa kulala hapalaliki lakini kulima panalimika.

"Mzee, nimekuhamisha bure. Maji hayakuja."

Akaegemea jembe. "Mwalimu, unaniomba radhi kwa sababu nyumba yangu ya zamani haijavunjwa?"

"Watu wanakucheka."

"Watu wananicheka kwa jina," akasema. "Zamani walikuwa wananipita. Sasa mtu ananiona mbali anaita, Bukuru wa mafiga! Nami naitika. Mwache acheke." Akarudi kwenye maharage yake.

Mvua za mwaka uliofuata ndizo zilizoshuka. Ilikuwa adhuhuri, tupo darasani, tukifanya hesabu. Kwanza mlima ulinguruma kama mashine nyingi za kusaga zimewashwa pamoja, na radi haikuwa imepiga. Kisha sakafu ikatetemeka chini ya miguu. Watoto wakanitazama. Nikawaambia wakae, nami nikatoka nje, na nikaona kiganja kile cha kusini kinasogea. Sina namna nyingine ya kusema. Mawe yalikuja yamesimama juu ya tope, taratibu kuliko nilivyowahi kufundisha, mazito, yakisukumana, yakapita juu ya maharage, juu ya kuta za ile nyumba, juu ya kile choo, yakaingia ziwani, na maji ya ziwa karibu na ufukwe yakawa mekundu. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha uji. Halafu kukawa kimya, na vijito vidogo tu vya tope vikitiririka.

Hakuna aliyeumia. Tuliita majina kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, na kila jina liliitika. Mzee Bukuru nilimkuta kule juu kwenye michikichi, amesimama na mkewe na watoto, wote wameshikana. Pale walipokuwa wakilala zamani palikuwa na jiwe jipya, refu kuliko yeye. Bibi Tausi alikuwa anamimina chai, akimgombeza kila mtu kwamba inapoa.

Siku ya tatu, tope liliposhika, Mzee Bukuru akashuka peke yake na beleshi. Akakata ukingo wa kile kifusi kipya, akausawazisha kwa kisu, akautazama. Kisha akaja shuleni, akasimama nje ya dirisha langu hadi nilipotoka.

"Mwalimu, waje watoto walione tabaka hili jipya likiwa bichi. Likikauka na kuota nyasi halisomeki vizuri. Jiwe limekaa katikati ya tope, vilevile kama lile la shimoni. Waje walione sasa."

"Watakuja," nikasema. "Lakini somo utawapa wewe. Na kabla ya kwenda huko uwaeleze darasani, ubaoni."

Akarudi nyuma hatua moja. "Mimi? Mimi sikumaliza hata darasa la kwanza. Shati lenyewe ndilo hili."

"Mimi niliwaambia kila tabaka ni mwaka mmoja, Mzee. Ukiniachia, nitawadanganya tena."

Alifikiri sana juu ya hilo. Kesho yake akaja. Alikuwa amenyoa, shati lilelile limefuliwa, bado bichi mabegani. Mkononi alikuwa na donge la udongo mfinyanzi na jiwe moja la kona kali. Nilimfungulia mlango, nikamwacha atangulie, nami nikabaki uani nyuma yake, mahali watoto wasiponiona.

Akaingia hatua mbili. Darasa langu lote, sasa la sita, likasimama kwa pamoja, madawati yakapiga kelele, wakasema kwa sauti moja ile ya kila asubuhi:

"Shikamoo, Mwalimu!"

Mzee Bukuru akageuka haraka kutazama nyuma yake ni mwalimu gani aliyeingia, ampishe njia. Akaona mlango, na uwanja mtupu, na mimi nimejibana ukutani.

Goreti alikuwa dawati la pili. Ndiye aliyesema, kwa Kirundi, kwa sauti iliyofika hadi nilipokuwa.

"Dawe," akamwambia baba yake, "ni wewe."

Akawageukia watoto. Alihangaika kidogo na lile jiwe, hajui aliweke wapi, akaliweka mezani kwangu. Akanyoosha mgongo.

"Marahaba," akasema. "Kaeni, wanangu."